Bei ya Karafuu: Kupanda na Kushuka Kwake

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya bei ya karafuu, jinsi ipandavyo na ishukavyo, na sababu zake.

Huenda mtu wa Tabora akauliza, "Karafuu yatuhusu nini sisi Wanyamwezi? Mikarafuu haioti kwetu. Sisi tuna asali na nta, tuna tumbaku, karanga na mpunga." Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba kila mtu auzaye zao linalotumiwa katika nchi za mbali, hali yake na hali ya mkulima wa Pemba ni moja. Hawajui walao, wala walao hawamjui yeye. Kati yao ipo bei tu. Asiyeifahamu bei hulima kama mtu atembeaye usiku bila taa.

Kwanza tuujue mti wenyewe. Karafuu si tunda wala si mbegu, bali ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Wachumaji hupanda mtini, huvunja vishada, kisha huzitenga karafuu na makonyo yake, na kuzianika juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa mpaka ziwe kavu na nyekundu-nyeusi. Mvua ikizinyeshea juani, huharibika, na thamani yake hupungua. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja tu iliyo kavu. Tena mkarafuu hauzai upesi: hungoja miaka sita au minane, na hata ukiisha kukomaa hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja huja mavuno mengi mno, na miaka ifuatayo ni haba.

Likumbukeni jambo hilo, maana ndilo ufunguo wa habari yote. Bei ikiwa juu leo, watu hupanda miti leo. Lakini karafuu zake zitafika sokoni baada ya miaka saba, pamoja na za jirani, na za jirani wa jirani. Hapo soko hujaa, na bei huanguka. Wenye mashamba huchoka, huacha kupalilia, miti hufa. Karafuu huwa chache, na bei hupanda tena. Wazee wetu walisema kwamba mpanda ngazi hushuka. Bei nayo ni mpanda ngazi.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo sasa Indonesia. Zamani Waholanzi waliushika mti huo mikononi mwao peke yao, hata wakaikata miti iliyoota nje ya mahali walipotaka, ili karafuu ziwe chache na bei iwe kubwa. Lakini yapata mwaka 1770 Wafaransa walifaulu kuichukua miche na kuipanda katika kisiwa cha Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa ikafika Unguja. Seyyid Said aliiona faida yake, akawahimiza watu waipande. Wakati huo, yapata mwaka 1830, frasila moja, yaani ratili 35, au karibu kilo 16, ilikuwa na thamani ya kama riali kumi. Mtu gani asingepanda? Basi wote wakapanda, wakakata minazi na miti mingine ili wapate nafasi. Baada ya miaka kama kumi na mitano hivi, frasila ile ile ilikuwa riali mbili au tatu tu.

Wala tusisahau ni nani walioyafanyia kazi mashamba hayo. Walikuwa watumwa. Wengi waliletwa kutoka pande za kusini, za Kilwa na Ziwa Nyasa, na wengine walitolewa Manyema wakapitishwa katika njia yetu hii ya Tabora. Bei iliposhuka, mwenye shamba hakupunguza kazi, bali alitaka karafuu zaidi ili fedha yake itimie. Kwa hiyo tuonapo hesabu za biashara za zamani, tujue kwamba gharama nyingine haikuandikwa katika daftari. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikatazwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897.

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikuumia sana. Karafuu zikawa chache, bei ikapanda kwa nguvu. Je, watu wa Unguja walitajirika? La. Mwenye ghala tupu hafaidiki na bei kubwa. Waliofaidika ni wale wa Pemba, na tangu hapo Pemba imekuwa ndiyo shamba kuu la karafuu mpaka leo. Hapa twapata funzo: bei peke yake si mapato. Mapato ni bei pamoja na mzigo, baada ya kutoa gharama.

Sasa tuje katika njia yetu. Zamani msafara uliotoka Bagamoyo ulitembea kiasi cha miezi mitatu kufika Tabora, kila mpagazi na mzigo wake wa karibu frasila mbili kichwani au begani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, nao walifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa sifa. Ujira wao, posho yao, na hongo waliyotozwa wafanya biashara na machifu njiani, vyote viliongezwa katika bei ya bidhaa. Ndiyo sababu mali iliyoshuka pwani ilikuwa pembe za ndovu, kitu chenye thamani kubwa kwa uzito mdogo. Hapana mtu aliyeweza kuchukua mtama kutoka Tabora mpaka Bagamoyo akauuza kwa faida. Wapagazi wangeula wote njiani.

Tena kulikuwa na jambo la ajabu katika biashara ile. Bei ya pembe huko Unguja ilipanda kama mara nne kati ya miaka ya 1820 na mwaka 1873, na huku bei ya nguo za merikani zilizoingia ilikuwa ikishuka, kwa sababu mashine za ng'ambo zilizidi kufuma nyingi. Kitu kitokacho kilipanda, kitu kiingiacho kilishuka: hapo katikati ndipo palipokuwa na utajiri wa mabwana wa misafara. Mkulima wa karafuu alikuwa kinyume chake, maana kitu chake mwenyewe ndicho kilichoshuka. Mtu akitaka kujua kama nchi inapata au inapunjwa, haitoshi kuuliza, "Twauza kwa bei gani?" Hana budi kuuliza pia, "Twanunua kwa bei gani?"

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, nauli ikashuka mno, na vitu visivyoweza kubebwa zamani vikapata njia ya kwenda baharini. Lakini bei ya kutokea na bei ya kuingilia hazikuwa moja, wala haziwi moja hata leo. Karafuu ipimwayo Pemba, ikishushwa Mumbai, huwa imeongezewa nauli ya meli, bima, ushuru, na faida ya kila mkono iliopitia. Iletwapo dukani Tabora ikauzwa punje chache kwa ajili ya pilau, mnunuzi hulipa mara nyingi kuliko alicholipwa mchumaji. Si kila nyongeza ni dhuluma, kwa kuwa kusafirisha ni kazi na kazi ina ujira. Lakini yafaa mkulima azijue nyongeza hizo moja moja, apate kutambua iliyo halali na iliyo ya ujanja.

Katika miaka ya 1920 na 1930 wenye mashamba wa Unguja na Pemba walikuwa wamezama katika madeni. Mtu alikopa kabla ya mavuno, akaweka shamba rahani, na karafuu zilipokauka zilikuwa tayari mali ya mdai. Chama cha wakulima wa karafuu kiliundwa mwaka 1927, na sheria za mwaka 1934 zikakipa mamlaka makubwa juu ya biashara hiyo. Wafanya biashara wa Kihindi wakakataa, na mwaka 1937 wanunuzi wa Bara Hindi wakaacha kununua karafuu za Unguja mpaka mapatano yalipofanywa mwaka 1938. Tazameni nguvu ya mnunuzi: mwenye miti hawezi kula karafuu zake, lakini mlaji aweza kukaa mwaka mzima bila karafuu.

Baadaye alikuja mnunuzi mkubwa kuliko wote, ndiye Indonesia. Watu wa huko huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara zao ziitwazo kretek. Kwa muda mrefu karafuu za Unguja na Pemba zilichomwa moshi katika nchi ile ile ya asili yake. Lakini katika miaka ya 1970 Indonesia ilipanda mikarafuu kwa wingi, na baada ya miaka michache ikawa yajitosheleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ilifikia kama dola 9,000. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa chini ya dola 1,000. Ngazi ni ile ile ya Seyyid Said.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, shirika la serikali ya Zanzibar likawa mnunuzi wa pekee. Faida yake ni kwamba mkulima hakutafuta soko. Hasara yake ilionekana kila mara bei aliyopewa ilipokuwa mbali sana chini ya bei ya ng'ambo: karafuu zilivuka usiku kwa mashua kwenda Kenya. Magendo ni kosa katika sheria, lakini pia ni barua ambayo mkulima huiandika bila kalamu. Mwaka 2011 serikali iliisoma barua hiyo, ikapandisha sana bei ya mkulima, na kuazimu kumpa kama asilimia 80 ya bei ya dunia.

Basi, wenzangu wa Tabora, mnaolima tumbaku na kurina asali, tuchukue nini katika habari hii? Tusipande kwa sababu ya bei ya leo, bali tujiulize ni wangapi wanaopanda pamoja nasi. Tusiweke zao moja tu, maana mwenye mizinga, mahindi na karanga haanguki pamoja na tumbaku. Tuogope deni la kabla ya mavuno. Na likitulazimu, tujue riba yake kwa hesabu, si kwa maneno. Tuitazame mizani kwa macho yetu. Na kila nyumba iwe na daftari, hata likiandikwa na mtoto wa darasa la nne: kiasi tulichouza, kwa bei gani, na gharama zilizotoka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kupanda na kushuka kwa bei hatuwezi kukuzuia. Lakini mtu aijuaye ngazi, aendapo juu hujiwekea akiba, na ashukapo haanguki. Kwaherini.