Aliyetoka Menjo Angali Mwana

Somo: Luka 2:41–52

Leo twataka kusema na wazazi wenye vijana, hasa ninyi mlioko Ndanai na sehemu zote za Sotik, na wenzenu wa Bomet na Kericho katika mashamba ya chai.

Kila mwaka shule zikiisha kufungwa, wavulana wengi wa Kipsigis hutahiriwa na kukaa menjo, mahali pa faragha pa kufundishwa utu uzima. Makanisa mengi nayo siku hizi huwatengenezea vijana wake menjo ya Kikristo, yenye Neno la Mungu na maombi. Mwisho wa Desemba hutoka, nasi hufurahi na kupika chai nyingi. Lakini baada ya sherehe lipo swali: Je, kijana huyu tumwongoze kwa kadiri gani?

Zamani vijana walikaa menjo miezi mingi, na walimu wao waliwafundisha pole pole. Leo kazi hiyo yote imebanwa katika likizo moja ya shule. Tena wengi huingia wakiwa na miaka 13 au 14 tu. Mila yamwambia kijana, "Wewe sasa ni mtu mzima." Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yasema asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Basi kati ya menjo na kitambulisho ipo miaka minne au mitano. Ni nani amwongozaye kijana miaka hiyo? Mwalimu wa menjo amekwisha rudi kwake. Baba asema, "Huyu ni mwanamume, ana nyumba yake pale kando." Mama naye aogopa kumwuliza neno, asije akajibiwa kwamba mwanamke hamwulizi mwanamume. Hapo ndipo chang'aa, na kamari za simu, na marafiki wa usiku hupata mwanafunzi asiye na mwalimu. Wahenga walisema kweli: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Kwa binti zetu twafanya kinyume. Ukeketaji ulikatazwa kabisa kwa sheria ya mwaka 2011, nasi twamshukuru Mungu. Lakini nyumba nyingi hazikuweka mafundisho mahali pake. Msichana hulindwa kama ng'ombe asiyeaminiwa karibu na mahindi, wala haambiwi sababu. Mvulana huachwa kupita kiasi, na msichana hufungwa kupita kiasi. Wote wawili hukosa malezi.

Sasa tumtazame Bwana wetu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Yusufu na Mariamu walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara. Hawakumshika mkono njia yote. Lakini ilipokuwa hayupo, walimtafuta kwa jamaa na marafiki, wakarudi mpaka Yerusalemu, wakamwona baada ya siku tatu. Mama yake akasema uchungu wake mbele ya walimu wa hekalu. Bwana hakumdharau kwa kuwa ni mwanamke. Alimjibu, naye alijua vema Baba yake ni nani. Hata hivyo akashuka nao mpaka Nazareti, akawatii. Ikiwa Mwana wa Mungu alikubali kuulizwa na mama yake, ni kijana gani wa Ndanai aliye mkubwa kuliko yeye?

Kadiri ya malezi ndiyo hiyo, wapendwa: mchana mwache atembee katika msafara, jioni mwulize alikuwa wapi. Mpe kazi iwe yake kweli. Mpe ng'ombe mmoja wa maziwa, au mistari michache ya chai, aandike katika daftari mapato na matumizi, na mwisho wa mwezi mkae pamoja mkisoma. Akipoteza shilingi kidogo, usimnyang'anye daftari. Mwulize atafanyaje mwezi ujao. Binti naye apewe daftari lake. Bali katika pombe, na katika usafi wa mwili, na katika kulala nje bila kuaga, neno la mzazi liwe moja, la baba na la mama. Mtume Paulo awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, bali wawalee katika njia ya Bwana. Hakuweka mwisho wa kazi hiyo siku ya kutahiriwa.

Nanyi vijana, mama akikuuliza jioni, hakupunguzii uanaume. Mjibu kwa heshima.

Na tuombe. Ee Baba, uwape wazazi wetu hekima ya kulegeza kamba bila kuiachilia. Uwalinde vijana wetu katika miaka hii ya katikati. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.