Bunduki ya Urithi: Matunzo Yake na Upatikanaji wa Vipuri



Zipo familia nchini Tanzania ambazo, baada ya arobaini ya marehemu, hukuta miongoni mwa mali aliyoiacha bunduki ya uwindaji iliyoundwa Ulaya kabla ya uhuru. Huenda ikawa Mauser ya Ujerumani, Lee-Enfield ya Uingereza, au kwa nadra Rigby ya London. Swali linaloulizwa kwanza huwa ni wapi vipuri vyake vinapatikana. Sisi tunaomba maswali mawili yatangulie: nani ana haki ya kuishika, na je, bado ni salama kufyatuliwa?

Kuhusu haki, leseni ya silaha hupewa mtu, nayo hairithiki kama shamba. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mrithi anayetaka kuimiliki bunduki hana budi kuomba leseni kwa jina lake mwenyewe. Msimamizi wa mirathi aitoe taarifa polisi mapema, na bunduki ihifadhiwe huko hadi shauri liishe. Aidha, leseni ya bunduki si ruhusa ya kuwinda; uwindaji una kibali chake chini ya sheria ya wanyamapori. Na asiyeihitaji silaha hiyo anaweza kuisalimisha bila kuona haya, kwani kumbukumbu ya mzee haimo katika chuma peke yake.

Kuhusu usalama, tungependa mwondoke na neno moja: kinachoingia si lazima kiwe kinachofaa. Chukueni mfano wa Mauser za kaliba ya milimita 8. Mitutu ya awali ilichongwa kwa kichwa cha risasi chenye kipenyo cha inchi 0.318. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Ujerumani lilihamia kipenyo cha inchi 0.323, lakini bunduki nyingi za uwindaji ziliendelea kuundwa kwa kipimo cha zamani. Tofauti yake ni takribani milimita 0.13 tu, na maganda yake yanafanana. Risasi mpya inaweza kuingia katika bunduki ya zamani bila kipingamizi chochote, lakini ikifyatuliwa, shinikizo ndani ya mtutu laweza kupanda kupita kiasi, na uso wa mpigaji uko karibu sana na chuma hicho. Kwa hiyo msiamini kumbukumbu ya familia wala maandishi ya boksi la risasi lililokutwa kabatini. Fundi wa silaha mwenye leseni aupime mtutu kwanza.

Kanuni hiyo hiyo inahusu vipuri. Bolti, yaani kile chuma kinachosukumwa mbele kuifunga risasi ndani ya chemba, kwa kawaida huwa na namba inayolingana na ya bunduki yenyewe. Bolti ya Mauser nyingine inaweza kuingia na kufunga vizuri machoni, huku ikiacha nafasi iliyozidi nyuma ya risasi. Ganda hupasuka hapo, na gesi ya moto humrudia mpigaji. Bolti ikibadilishwa, fundi lazima aipime nafasi hiyo kwa vipimo maalumu kabla ya bunduki kufyatuliwa.

Vipuri vidogo si vigumu kama wengi wanavyodhani. Mauser ya mwaka 1898 na Lee-Enfield ziliundwa kwa mamilioni, hivyo springi, pini za kufyatulia na kucha za kuvutia maganda bado hupatikana kwa wafanyabiashara wa silaha wenye leseni. Kwa bunduki za nadra, baadhi ya viwanda, kama Rigby na Holland & Holland vya London, bado vinafanya kazi; mtumieni mfanyabiashara wenu awaandikie, akitaja namba ya bunduki. Kipuri kisichopatikana kabisa, fundi mwenye ujuzi anaweza kukichonga upya. Lakini msinunue sehemu ya silaha mtaani, wala msiagize kutoka ng'ambo kabla ya kuwauliza polisi kuhusu kibali.

Mnapopeleka bunduki kwa fundi, dai haki zenu za mteja. Oneni leseni yake. Pateni hati ya makabidhiano yenye namba ya bunduki, na makadirio ya gharama kwa maandishi. Kazi ikiisha, rudishiwa kipuri cha zamani, na pokea maelezo ya maandishi ya kilichobadilishwa na kilichopimwa. Fundi anayekataa hayo yote, mwacheni.

Matunzo ya nyumbani ni machache, nayo huanza kwa kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi: tazama kwa jicho, kisha gusa chemba kwa kidole. Sukuma brashi kutoka upande wa chemba ikiwezekana, ili mdomo wa mtutu usichubuke. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo haiyeyuki kwa mafuta. Huyeyuka kwa maji. Mtutu uliopiga risasi kama hizo uoshwe kwa maji ya moto, ukaushwe kabisa, ndipo upakwe mafuta kidogo. Pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi yake, ukaguzi uwe wa mara kwa mara. Msiihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Msitumie msasa kung'arisha chuma, maana unaweza kufuta namba na alama za majaribio zinazoitambulisha silaha. Kitako cha mti kinatosheka na mafuta ya kitani, kidogo kidogo.

Mwisho, ufa katika kitako, kutu iliyochimba chemba, au ganda linalotoka likiwa limepasuka ni ishara ya kuacha kuitumia siku hiyo hiyo. Kama fundi atasema bunduki imefika mwisho wake, mkubalieni. Waulizeni polisi kama inaweza kulemazwa na kubaki ukumbusho, ili isimdhuru mjukuu yeyote.