Somo la Leo: Kuchagua Pawa Saplai ya Kompyuta ya Michezo

Tayarisheni karatasi na kalamu, maana leo tutapiga hesabu.

Tutazungumza juu ya kifaa ambacho wanunuzi wengi hukisahau, nacho ni pawa saplai ya kompyuta ya mezani ya kuchezea michezo. Mpwa wangu aliweka akiba miezi kumi apate kadi nzuri ya picha. Kwa pesa kidogo iliyobaki alinunua pawa saplai ya bei ya chini kuliko zote. Wiki ya pili, katikati ya mchezo, kompyuta ikazimika ghafula na harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Kadi ile haikuwaka tena. Ndugu msikilizaji, yasikupate wewe.

Kwanza, pawa saplai ni nini? Ni kisanduku cha chuma kinachopokea waya wa ukutani. Hapa Tanzania umeme wa ukutani ni wa volti 230, tena hugeuka mwelekeo mara kwa mara. Vyombo vya ndani ya kompyuta haviwezi kuutumia hivyo. Kama vile kinu kinavyogeuza mahindi magumu yakawa unga, kisanduku hiki huugeuza umeme ukawa wa mwelekeo mmoja, wa volti 12, volti 5 na volti 3.3.

Pili, tujumlishe wati. Kadi ya GeForce RTX 4070 hutumia wati 200. Prosesa ya Ryzen 5 7600 huweza kufika wati 88. Madabodi, diski, feni na vinginevyo tuvikadirie wati 60. Jumla ni wati 348.

Je, tununue ya wati 350? La, hasha! Kadi ya picha huweza kuvuta umeme kupita kipimo chake kwa muda wa kufumba na kufumbua. Tena kifaa kinachobeba mzigo wake wote kila siku hupata joto na kuchakaa upesi. NVIDIA, kampuni inayounda kadi hiyo, inashauri pawa saplai ya wati 650. Wala usiogope kwamba itakumalizia umeme wa Luku, kwani huvuta kadiri ya mahitaji ya kompyuta, na kidogo kinachopotea kwa joto.

Tatu, soma kibandiko. Hapa ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Tafuta mstari wa volti 12, kisha zidisha volti kwa ampea. Ikiwa ni ampea 54, basi 12 × 54 = wati 648. Hiyo ndiyo ya kweli. Lakini ukiona imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, na mstari wa volti 12 una ampea 25 tu, basi 12 × 25 = wati 300. Kadi na prosesa hutegemea mstari huo. Iache dukani.

Nne, tafuta alama ya 80 PLUS. Maana yake ni kwamba walau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani hufika kwenye vyombo. Kompyuta ikihitaji wati 320, ukutani zitavutwa wati 400, na 80 zitapotea kwa joto. Zenye daraja la shaba au dhahabu hupoteza pungufu ya hapo.

Mwisho, maonyo mawili. Usikifungue kisanduku hicho hata kama umechomoa waya, kwa kuwa umeme huweza kubaki ndani. Wala usitumie nyaya za pawa saplai nyingine, hata zikiingia, kwa sababu mpangilio wake huenda ni tofauti.

Wahenga walisema, rahisi inavunja upishi. Anza na hesabu, ndipo utoe pesa.

Maswali:
1. Kadi ni wati 115, prosesa wati 65, vinginevyo wati 60. Jumla ni wati ngapi?
2. Mstari wa volti 12 una ampea 40. Hizo ni wati ngapi?

Jadilianeni na mwalimu wenu. Kwaherini.