Moyo Baada ya Talaka

(Matini ya darsa iliyotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Muumba wa nyoyo na Mwenye kuzigeuza apendavyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, masuala ya talaka tumeyasikia mara nyingi misikitini. Tumefundishwa talaka ya Sunna na ya bid'a, talaka rejea na talaka bain, khului na faskhi, hesabu ya eda na haki ya malezi ya watoto. Elimu hiyo ni ya lazima na hatuna la kuipunguza. Lakini usiku huu tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo katika milango hiyo ya fiqhi hupitwa haraka, nalo ni maumivu. Kadhi akishaandika hati na mashahidi wakishaondoka, hubaki mtu mmoja chumbani ambaye usingizi haumjii. Hukumu yake anayo mkononi, lakini hana wa kumwongoza namna ya kuishi na kilichomo kifuani mwake.

Katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) habari ya Barira na mumewe Mughith. Barira alikuwa mjakazi akaachwa huru, na kwa uhuru ule akapata hiari ya kubaki na mumewe ambaye bado alikuwa mtumwa, au kuachana naye. Akachagua kuachana naye. Mughith akawa anamfuata nyuma katika vichochoro vya Madina huku analia, machozi yanamtiririka mpaka ndevuni. Mtume (S.A.W.) akamwonyesha ami yake Abbas jinsi mapenzi ya Mughith yalivyokuwa ya ajabu, na jinsi kutotaka kwa Barira kulivyokuwa kwa ajabu vilevile. Kisha akazungumza na Barira kwamba lau angemrudia. Barira akauliza kama ile ilikuwa amri. Akajibiwa kuwa ni uombezi tu. Basi akasema kuwa hana haja naye, na jambo likaishia hapo.

Tuisome habari hii taratibu. Sahaba, mwanamume mzima, analia njiani mbele za watu kwa sababu ya kuachwa, na katika riwaya hiyo hatukuti aliyemwambia kuwa mwanamume halii, wala aliyemwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Mtume (S.A.W.) aliyaona machozi yale akayahurumia. Wakati huohuo, huruma yake kwa Mughith haikugeuka kuwa nguvu dhidi ya Barira. Wazee wetu wengi wa usuluhishi hushindwa hapa: ama humkemea anayelia, ama humlazimisha asiyetaka kwa maneno ya "vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo", hata kama mwanamke huyo amekuja na alama za kipigo mwilini.

Tukirejea kwenye hukumu, tutaona kuwa sheria yenyewe imeupa moyo nafasi yake. Aya ya kwanza ya Suratut-Talaaq imekataza wanawake walio katika eda wasitolewe majumbani mwao, wala wao wasitoke, isipokuwa kwa uchafu ulio wazi, na mwisho wake unagusia uwezekano wa hali kugeuka. (Aliyetalikiwa talaka bain maulamaa wamekhitilafiana kuhusu makazi yake, hilo lina darsa lake.) Mwanamke mwenye kupata hedhi huhesabu quruu tatu, asiyepata hedhi miezi mitatu, na mjamzito mpaka ajifungue. Katika talaka rejea muda wote huo yumo katika nyumba ileile. Hasira iliyowaka Jumatatu hupata nafasi ya kupoa.

Sasa tazameni ada yetu. Mume hutamka talaka jioni, pengine kwa ujumbe wa simu, na kabla ya Isha sanduku la mke liko mlangoni na kaka zake wameshakuja kumchukua. Huhesabiwa kuwa ni heshima ya ukoo. Sisi tunasema ni kuipinga aya kwa jina la heshima, na hasara yake huonekana katika nyoyo: watu wawili waliolala chumba kimoja miaka kumi wanatenganishwa kama waliogombana sokoni, na neno ambalo lingesemwa siku ya ishirini halipati pa kusemewa. Vivyo hivyo mut'a, kile kiliwazo anachopewa mwanamke aliyeachwa. Jina lake la Kiswahili linatosha kueleza kazi yake, lakini ni wangapi miongoni mwetu wamewahi kukitoa?

Kwa upande mwingine, mwanamume hana eda, ila katika masuala machache kama akitaka kumuoa dada wa mtalaka wake. Kwa sababu hiyo watu hudhani hana huzuni pia. Mwanamke aliyerudi kwao atakaa na mama na shangazi, atalia na kusikilizwa, ingawa huenda akachoshwa na maneno ya majirani. Mwanamume huenda barazani, akaulizwa habari za mpira. Akirudi hukuta sufuria alivyoiacha. Wako wanaoacha kula, wako wanaoacha jamaa, na wako wanaokimbilia kuoa ndani ya mwezi ili kuziba pengo, kisha mke mpya akabebeshwa hasira ambazo si zake. Tusimlaumu kabla ya kumuuliza hali yake.

Na watoto. Sisi walimu wa madrasa huliona jambo hili mapema. Mtoto aliyekuwa akisoma Juzuu Amma bila kusita huanza kukwama katika sura fupi. Hupiga wenzake, au husinzia. Ukimuuliza msahafu uko wapi, husema umebaki kwa baba. Kofia iko kwa mama. Tumekwisha kuona mtoto anayeamini kuwa wazazi wake wameachana kwa sababu yeye alivunja kitu au alikataa kwenda dukani, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Wazazi, mwambieni mtoto kwa maneno ya wazi kuwa si kosa lake. Msimtume kuchukua matumizi na kurudisha matusi, wala msimhoji nani aliingia kwa mama yake jana.

Tunafika katika suala ambalo baadhi yenu mmetuuliza: je, inafaa Mwislamu kwenda kwa mshauri nasaha au kwa mwanasaikolojia, au hayo ni mambo ya Wazungu? Jibu letu ni kuwa asili yake inafaa, na kwa baadhi ya watu huwa ni haja kubwa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa mji wa Balkh katika Afghanistan ya leo, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu kiitwacho Masaalihul-Abdaan wal-Anfus, maslahi ya miili na nafsi. Ndani yake alizungumzia hasira, khofu, huzuni na wasiwasi kama maradhi yenye kutibika. Aligawa huzuni sehemu mbili: ile ambayo sababu yake inajulikana, kama kumpoteza umpendaye, na ile inayomjia mtu asijue imetoka wapi, akaihusisha na hali ya mwili. Alifundisha kuwa nafsi hutibiwa kwa fikra ambazo mtu huzitayarisha akiwa na utulivu, kama anavyoweka akiba ya dawa nyumbani, na pia kwa maneno ya mtu mwingine anayemnasihi. Haya yameandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwa Kiarabu, na mtu wetu. Mwanasaikolojia wa Kisudani Malik Badri, aliyefariki mwaka 2021, ndiye aliyewaonya Waislamu wa fani hiyo, katika kitabu chake cha mwaka 1979, wasimeze kila nadharia ya Magharibi. Naye hakuiacha fani, bali alikitafsiri kitabu cha al-Balkhi katika sehemu yake ya nafsi.

Mshauri hufanya nini hasa? Hutenga muda, aghalabu kama saa moja kila wiki au kila wiki mbili, akasikiliza bila kukatiza. Humsaidia mtu kulitazama wazo linalomtesa, mfano "nimeachwa, basi sina thamani", akalipima kama ni kweli. Humsaidia kurudisha mpango wa siku: kulala, kula, kazi, kutembelea jamaa. Mshauri mwema hakuamrishi umrudie mumeo wala umwache, na hatoi fatwa. Suala la iwapo talaka imepita lipeleke kwa kadhi au kwa mwanachuoni. Suala la kuwa huwezi kuamka kitandani lipeleke kwa mshauri. Siri ya mtu ni amana kwake, na sisi maimamu pia tujifunze hilo, tusifanye kisa cha jirani kuwa mfano wa khutba.

Kuna masharti. Mwanamke amtafute mshauri wa kike, na akikosekana basi kusiwe na faragha isiyojuzu. Akihimizwa pombe au zinaa kuwa ni kiliwazo, aondoke. Na tusichanganye ushauri nasaha na wale wanaochukua kuku mweusi na fedha ili kumtaja jirani aliyeroga ndoa. Wametajirika kwa machozi ya watu, na walichokiacha nyuma yao ni uhasama wa koo. Sala, dua, Qur'ani na ruqya ya kisheria ni nguzo ya muumini wala hatuzibadilishi kwa kitu. Lakini aliyevunjika mguu huomba dua, naye akafungwa mguu.

Zipo dalili zisizopaswa kusubiri. Mtu akipita wiki mbili amezama katika huzuni karibu kila siku, halali, hali, hana hamu ya jambo lolote, apelekwe hospitali. Akitamka kuwa afadhali afe, au akataja kujidhuru, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe siku hiyohiyo. Ipo idara ya afya ya akili Muhimbili, ipo Mirembe kule Dodoma, na Unguja ipo Kidongo Chekundu. Tunajua kuwa majina hayo vijana huyafanya matusi. Ni vibaya, kwani wanaotibiwa huko ni mama zetu na ndugu zetu, na huenda mzaha mmoja ukamfanya mgonjwa abaki nyumbani na maradhi yake.

Masuala ya jumla tutayapokea sasa mpaka adhana ya Isha. Ya mtu binafsi tusiyaulize hapa mbele ya watu. Wanaume watatukuta barazani baada ya Sunna, na kwa kina mama mwalimu wa kike yuko katika chumba cha madrasa, mlango wa nyuma. Wallahu a'lam.