Idi Kubwa mjini Sinaw na shukrani yenye deni



Katika mazungumzo yetu ya leo ningependa kuwapelekeni Sinaw, mji wa Oman ulioko ukingoni mwa jangwa, kusini mwa Muscat, katika Mkoa wa Ash Sharqiyah Kaskazini. Sinaw husifika kwa soko lake la mifugo la kila Alhamisi. Inapokaribia Idi Kubwa, soko hilo hufurika. Mabedui huleta mbuzi, kondoo na ngamia, akina mama waliovaa barakoa hupatana bei bila ya kumwonea haya mtu, na wanadi huwazungusha wanyama mbele ya wanunuzi waliokaa duara. Soko hilo la kuikaribisha Idi, Waomani huliita habta.

Nilikuwa huko kwa Idi ya mwaka 2025, iliyoangukia Ijumaa, tarehe 6 Juni. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na kazi hii ya utangazaji imeniweka ughaibuni kwa miaka mingi. Mwenyeji wangu, mzee wa miaka sabini na tatu, naye ni mzaliwa wa Unguja. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na tangu hapo tulizungumza Kiswahili tu.

Idi hii, kama mjuavyo, ni sikukuu ya shukrani. Waislamu hukumbuka jinsi Nabii Ibrahim alivyojaribiwa, na jinsi mwanawe alivyokombolewa kwa mnyama wa kuchinjwa. Mwenye uwezo huchinja, akala na watu wake, akawapa jamaa na majirani, akawapa na maskini.

Jioni ya kuamkia sikukuu nilimpa mzee zawadi yangu, kifurushi cha karafuu kutoka nyumbani. Alizinusa kwa muda mrefu, kisha akaniuliza:

"Zimetoka shamba gani, mwanangu?"

Swali hilo lilinifunga ulimi. Karafuu zile zilitoka katika eka tatu za marehemu babu yangu. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitaifisha ardhi na kuwagawia wananchi vishamba vya eka tatu tatu. Babu yangu, aliyekuwa kibarua wa kuchuma karafuu katika mashamba ya watu, alipata kimoja, na mikarafuu hiyo ndiyo iliyonisomesha. Kwetu sisi, kila tarehe 12 Januari ilikuwa siku ya kumshukuru Mungu, na nilipokuwa mdogo nilivalishwa nguo mpya kama siku ya Idi.

Mwenyeji wangu alikuwa na miaka kumi na miwili hivi Mapinduzi yalipotokea. Ami yake aliuawa, nyumba na shamba vikachukuliwa, na familia ikaondoka na nguo walizovaa. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje, ndipo alipokuja katika nchi ya mababu zake, ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona.

Nilimwambia ukweli kuhusu karafuu zile. Alinyamaza kitambo, huku akizichambua kiganjani.

"Baba yangu," akasema hatimaye, "alikuwa akichinja ng'ombe kila Idi Kubwa, akimshukuru Mungu kwa shamba lake. Sikumsikia hata siku moja akiuliza mikarafuu ile ilipandwa na nani."

Hakuhitaji kuendelea. Mashamba makubwa ya karafuu ya Unguja yalianzishwa katika karne ya 19 kwa jasho la watumwa, na utumwa haukupigwa marufuku visiwani hadi mwaka 1897.

Nikamuuliza iwapo yeye hushukuru anapochinja hapa Sinaw. Akajibu kwamba anashukuru sana: Oman ilimpa kazi, ikawasomesha wanawe, ikawatibu wagonjwa wake. Hata hivyo, miaka ya mwanzo aliitwa Mzinjibari kana kwamba ni mgeni, na leo akiwasemesha wajukuu Kiswahili wanamjibu kwa Kiarabu.

"Alhamdulillahi nasema," alisema, "lakini ziko Idi ambazo tonge halishuki."

Asubuhi, baada ya sala, tulikula bokoboko, ambalo Waomani huliita harisi, na ladha ilikuwa ileile ya kwetu. Mbuzi wakachinjwa. Nyama ikapakwa viungo, ikafungwa kwa majani makavu ya mgomba, ikatiwa katika vikapu vya makuti na kuteremshwa shimoni juu ya makaa, shimo likafunikwa kwa udongo. Hiyo ndiyo shuwa. Shimo moja hutumiwa na nyumba kadhaa, kila kikapu kikiwa na alama ya mwenyewe. Niliona mzee akichota ukufi wa karafuu zangu na kuwapa waliokuwa wakitwanga viungo.

Mchana ikaja simu kutoka Unguja. Kila mwaka mzee hutuma fedha achinjwe mbuzi kijijini, karibu na lililokuwa shamba la baba yake, na nyama wagaiwe wanaoishi hapo sasa. Jina lake halitajwi. Nikamuuliza kama huko ndiko kusamehe. Akacheka.

"Msamaha ni neno kubwa, mwanangu. Wale ni majirani, na jirani ana fungu lake."

Wapenzi wasikilizaji, wapo wanaotuambia tusahau yaliyopita ili tusherehekee kwa raha. Wapo pia wanaoona kwamba kusherehekea ni kuwasaliti waliokufa. Mzee yule hajasahau kitu, na bado huchinja. Nami sitaacha kuzishukuru eka tatu zilizonilea, kwani nikizikana nitakuwa nimemkana babu yangu aliyechuma karafuu za watu maisha yake yote. Lakini nimeanza kuwaombea dua wale waliozikosa ili mimi nizipate, na wale wa kabla yao waliozipanda bila ya ujira.

Shimo lilifunuliwa siku ya tatu. Mzee alinikatia kipande cha kwanza kwa mkono wake, tukala sahani moja.