Bei Iliyoandikwa na Bei Iliyolipwa



Askari anayelinda lango la Bandari ya Bujumbura anajua kuhesabu magunia. Anajua kukagua lakiri ya kontena, kulinganisha namba ya lori na hati za dereva, na kumsimamisha mtu apitaye ufukoni usiku na mzigo asioweza kuueleza. Lakini uko wizi mmoja unaoweza kupita mbele ya askari huyo mchana kweupe, magunia yakiwa kamili, lakiri haijaguswa na mihuri yote ikiwa halali. Wizi huo umo katika tarakimu chache tu: bei iliyoandikwa kwenye ankara.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya wizi huo, na juu ya mwana wa Burundi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuufuatilia. Mtaalamu huyo ni Profesa Léonce Ndikumana. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Burundi, kisha akaenda Marekani, ambako mwaka 1996 alipata shahada ya udaktari wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis. Baada ya hapo alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Amherst. Aliwahi pia kuitumikia Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, na kuongoza utafiti katika Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Mwaka 1998 alichapisha makala juu ya nchi yake mwenyewe. Humo alieleza kwamba mzizi wa mapigano ya Burundi usitafutwe katika ukabila peke yake, bali utafutwe pia katika taasisi zilizoshindwa kugawa kwa haki manufaa ya nchi. Mtu aliyekwisha kuuliza nani anapata nini, hana budi kuuliza pia: kile kisichompata mtu yeyote nyumbani kimekwenda wapi?

Swali hilo alilishughulikia pamoja na mwenzake, James Boyce, na mwaka 2011 wakatoa kitabu juu ya madeni ya Afrika. Walikadiria kwamba kati ya mwaka 1970 na 2008, nchi 33 za Afrika kusini ya Sahara zilipoteza mitaji iliyotoroshwa yenye thamani ya dola bilioni 735, kwa thamani ya dola ya mwaka 2008. Madeni ya nje ya nchi hizo mwishoni mwa kipindi hicho yalikuwa kama dola bilioni 177. Kwa hesabu hiyo bara tunaloambiwa kila siku kuwa ni mdaiwa, kwa hakika ni mdai. Tofauti ni kwamba deni linalipwa na wananchi wote, na mali iliyofichwa ng'ambo ina wenyewe wachache.

Je, mali hutoroshwaje? Njia ni nyingi, na mojawapo hupitia bandarini. Tuseme shehena ya kahawa ina thamani ya dola 100,000. Mwuzaji asiye mwaminifu anaandika kwenye ankara dola 80,000. Mnunuzi wa ng'ambo analipa 100,000 kamili, lakini 20,000 zinaingia katika hesabu ya siri katika benki ya kigeni. Forodha inatoza kwa 80,000, na Benki Kuu inapokea fedha za kigeni za 80,000. Kwa bidhaa ziingiazo mchezo hugeuzwa: bei inapandishwa kwenye karatasi, ili fedha za kigeni zitoke nchini kwa kisingizio cha kulipia kisichonunuliwa.

Namna ya kuugundua mchezo huu ni nyepesi kuieleza, ingawa ni nzito kuitenda. Mtaalamu huchukua daftari la nchi iliyouza, akaliweka kando ya daftari la nchi iliyonunua. Huondoa nauli na bima, kisha hutazama kama hesabu zinakutana. Kwa nchi kama Burundi, nauli si jambo dogo. Mzigo unaoshuka Bujumbura kupitia Kigoma umekwisha kusafiri kwa reli zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, kisha ukavuka ziwa kwa meli. Penye gharama nyingi ndipo penye nafasi nyingi za kuficha.

Wako wanaosema kwamba dawa ya umaskini ni tija: mkulima avune zaidi katika shamba lile lile, na winchi ya bandari ipakue tani nyingi zaidi kwa saa. Wanasema kweli. Kila siku meli inayongoja gatini huongezwa katika bei ya saruji na sukari, na askari hulipa bei hiyo kwa mshahara wake kama raia wengine. Lakini tija pasipo bei ya haki ni kuteka maji kwa pakacha. Mkulima akiongeza magunia kumi, na thamani ya magunia hayo ikabaki ng'ambo, jasho lake limemjenga nani?

Hata hivyo, yafaa tuwe waangalifu. Mwaka 2016 utafiti wa Profesa Ndikumana kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo ulipingwa vikali nchini Afrika Kusini. Wapinzani walidai kwamba pengo kubwa lililoonekana katika dhahabu lilitokana na namna dhahabu ilivyoandikwa katika takwimu za biashara, wala si magendo. Askari wa upelelezi wanalielewa jambo hili kuliko wengi: shaka siyo hukumu. Daftari mbili zisipokutana, kazi ya uchunguzi ndiyo kwanza inaanza. Anayemtia mtu pingu kwa tofauti ya tarakimu peke yake huenda akamwonea asiye na hatia, na anayeipuuza tofauti hiyo huenda anamfungulia mwizi lango.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tafiti hizi zinatufundisha kuongeza kwamba daftari lenye uongo huipoteza mali kwa habari ya uongo. Basi nakala ya hati inayotunzwa vizuri bandarini, mzani usiochezewa, na muhuri usiouzwa ni silaha za ulinzi wa taifa sawa na bunduki. Askari wa zamu anayekataa bahasha ili hati ipite bila kusomwa, anailinda mishahara ya wenzake, dawa za hospitali na jasho la mkulima wa kahawa aliye mbali vilimani, ambaye hatajua kamwe jina la askari huyo.