Mkataba Uonekane Ukutani: Maneno kwa Wanachama wa Kitui na Makueni

Ndugu Wanachama,

Leo twataka kusema nanyi habari za kitu kidogo kiitwacho adapta, kipitishacho picha kutoka kwenye simu, tabuleti au kompyuta hadi kwenye runinga au projekta. Msidhani ni mchezo wa vijana. Ni jambo la haki zenu.

Kwa sheria ya mwaka 2007, mapatano ya chama na mwajiri yakisha kuandikishwa mahakamani hayana budi kutekelezwa. Je, ni wangapi kati yenu mliokwisha kuyasoma? Siku hizi huja katika simu ya katibu. Katibu husoma, watu mia husikiliza; kifungu kikirukwa, hakuna ajuaye. Lakini ukurasa ule ukionekana ukutani, kila mtu atasoma mshahara wake kwa macho yake. Hesabu za ada zetu ni vivyo hivyo.

Nanyi walimu mwalijua jambo hili. Mwaka 2016 Serikali ilianza kugawa tabuleti katika shule za msingi, na projekta pamoja nazo, maana kioo kidogo hakitoshi darasa zima.

Basi, kabla ya kutoa shilingi zenu, sikilizeni. Matundu mtakayoyakuta sana ni mawili. La VGA, la tangu mwaka 1987, ni pana, mara nyingi la buluu, lenye vishimo 15 katika safu tatu. Hilo hupitisha picha tu. La HDMI, lililotangazwa mwaka 2002, ni jembamba, nalo hupitisha picha na sauti pamoja. Projekta nyingi kuukuu zina VGA peke yake, na kompyuta nyingi mpya zina HDMI peke yake.

Kwanza, adapta ya matundu hayo si kiungo tu, ni mkalimani, naye hufasiri upande mmoja. Ile itokayo HDMI kwenda VGA haitafanya kazi ukiigeuza. Mwulizeni mwenye duka: picha yatoka wapi, yaenda wapi?

Pili, mkitoka HDMI kwenda VGA sauti haifiki. Tafuteni adapta yenye kitundu cha waya wa spika.

Tatu, nyingine hutaka umeme wake zenyewe. Angalieni kama ina tundu dogo la waya wa chaji.

Nne, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha: simu kuwa na tundu la Type-C si dalili kwamba yatoa picha. Simu nyingi za bei nafuu hutumia tundu hilo kwa chaji na kuhamisha mafaili tu, na adapta ya kawaida haiwezi kuzisaidia. Chukueni simu yenyewe dukani, ijaribiwe mbele ya runinga. Picha isipotokea, msilipe.

Wala si lazima kila mtu anunue yake. Matuta ya mashamba yetu tuliyachimba kwa mwethya, si mtu mmoja mmoja. Kila tawi linunue adapta moja na waya wake, viandikwe katika daftari la mali, mweka hazina avitunze. Mkutano ujao, kabla katibu hajafungua kinywa, mwambieni: Ndugu Katibu, tuonyeshe ukutani.

Umoja ni nguvu.